Tanbihi za Crichton na Theluji ya Kibo

Si kawaida kufungua riwaya pendwa ukakuta tanbihi. Tanbihi ni mambo ya tasnifu, ya watu wanaosaka shahada. Lakini State of Fear ya Michael Crichton, iliyotoka Marekani Desemba 2004, ina tanbihi chini ya kurasa, ina grafu za joto la mji huu na mji ule, na mwishoni ina ujumbe wa mwandishi, viambatisho viwili na orodha ya marejeo ambayo mwanafunzi wa uzamili angeionea wivu. Mwanzoni kabisa msomaji anaambiwa: hadithi hii ni ya kubuni, wahusika ni wa kubuni, ila tanbihi ni za kweli.

Onyo hilo dogo ndilo lililonivuta niandike. Maana riwaya hii haijafa. Nakala zake bado zinazunguka kwenye meza za vitabu vya mtumba, na hata asiyeijua ameshakutana na hoja zake. Ukiona mtu kwenye kundi la WhatsApp anasema eti habari ya ongezeko la joto duniani ni mradi wa watu kutengeneza hela, eti Antaktika inazidi kupoa, eti wanasayansi wanatishia watu ili wapate ruzuku, basi jua kwamba hoja hizo zilishapangwa vizuri, kwa mtiririko na kwa msisimko, na daktari mmoja aliyesomea Harvard ambaye aliamua kuuacha udaktari akaandika hadithi.

Na alijua kuandika, tusimwonee. Huyu ndiye aliyetupa The Andromeda Strain mwaka 1969 na Jurassic Park mwaka 1990. Ndiye aliyeanzisha ER, ule mchezo wa televisheni wa madaktari wa Chicago. Nguvu yake siku zote ilikuwa moja: kuchukua sayansi ya maabara, kuitia hofu, na kumfanya msomaji afunue kurasa hadi usiku wa manane. Dinosauri waliofufuliwa kwa vinasaba ni uongo, lakini kila mtu aliyesoma kitabu kile alitoka akidhani anaelewa vinasaba kidogo.

Kisa chenyewe ni hiki. Tajiri mmoja, George Morton, anafadhili shirika la mazingira linaloitwa NERF, linaloongozwa na bwana mmoja mwenye maneno mengi, Nicholas Drake. Shirika linaandaa kesi: taifa la visiwa vya Pasifiki liitwalo Vanutu linataka kuishitaki Marekani kwa kuwa bahari inapanda. Pia kuna mkutano mkubwa wa wanahabari na wanasayansi unaokuja Kalifonia. Tatizo ni kwamba ushahidi haupatikani na michango imepungua. Kwa hiyo magaidi wa mazingira wanapanga kutengeneza maafa kwa mikono yao: kukata kipande kikubwa cha barafu Antaktika, kuleta mafuriko ya ghafla Arizona, na hatimaye kusababisha tsunami kutoka Visiwa vya Solomon ifike Kalifonia siku ya mkutano, kamera zikiwa tayari. Anayewazuia ni John Kenner, profesa wa MIT ambaye anajua sheria, jiolojia, bunduki na takwimu, na hakosei hata mara moja katika kitabu kizima. Anayefuatana naye ni wakili kijana, Peter Evans, mpenda mazingira ambaye hajui lolote.

Sisi tuliokaririshwa fani na maudhui sekondari tunalijua tatizo hili hata kabla ya kufika katikati. Kenner ni kipaza sauti. Evans ni ukuta wa kurushia mpira. Muda mwingi wa riwaya wamo ndani ya ndege ya tajiri, na mazungumzo yanakwenda hivi: Evans anasema jambo alilolisikia kwenye habari, Kenner anamuuliza amelisoma wapi, Evans anababaika, Kenner anatoa grafu, chini ya ukurasa inatokea tanbihi. Halafu wanashuka, wanapigwa risasi kidogo, wanapanda tena ndege. Riwaya za mafunzo tunazo nyingi katika Kiswahili, na wala hatuzidharau. Hata hivyo mwandishi mzuri wa mafunzo humpa mpinzani wake angalau nafasi ya kujibu. Evans hapewi. Ni mwanasheria, lakini kitabu kizima hashindi hoja hata moja. Huyo wakili wa wapi?

Sasa turudi kwenye tanbihi, maana hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kwamba Crichton aliamini asivyoamini mimi si hoja, mwandishi ana haki ya kuamini atakacho. Kinachonishughulisha ni jinsi tanbihi zinavyofanya kazi ndani ya hadithi. Tanbihi ya kitaaluma ni mwaliko: nenda kaangalie mwenyewe. Ndani ya riwaya ya kusisimua, wakati barafu inapasuka na shujaa anadondokea ufa, nani atakwenda kuangalia? Pale tanbihi inageuka kuwa vazi, kama koti jeupe la daktari kwenye tangazo la dawa ya meno.

Wachache walikwenda kuangalia. Mmoja wao ni Peter Doran, mtafiti aliyekuwa ametajwa. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo kwamba asilimia 58 ya Antaktika ilipoa kati ya 1966 na 2000. Kenner anaitumia kazi hiyo kwa furaha. Lakini sehemu iliyobaki ya bara hilo ilikuwa ikipata joto, na watafiti wenyewe hawakusema kwamba dunia haipati joto. Julai 2006 Doran aliandika katika New York Times akilalamika kwamba kazi yake imepotoshwa, akaitaja riwaya hii. Yaani tanbihi ni ya kweli, makala ipo, ukurasa upo, ila mwenye makala anasema: sikusema hivyo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Juni 1988 mwanasayansi wa NASA, James Hansen, alitoa ushahidi mbele ya Seneti ya Marekani uliozifanya habari za joto la dunia zifike kurasa za mbele. Hansen alikuwa na makadirio matatu: A, kama gesi zitaongezeka kwa kasi kubwa, B, kwa kasi ya wastani, na C, kama zitapunguzwa sana. Alisema B ndilo lenye uwezekano mkubwa zaidi. Miaka kumi baadaye, Patrick Michaels, mmoja wa wapinzani wake, alikwenda Bungeni na grafu yenye mstari mmoja tu, ule wa A, mingine miwili ameiondoa, akaonyesha jinsi Hansen alivyokosea. Katika riwaya, kosa hilo la Hansen linatajwa kuwa la asilimia 300. Mtu akifuta majibu yako mawili kati ya matatu halafu akakusahihisha lile moja ulilosema si la kutarajiwa, hata mwalimu wa darasa la nne angemtoa nje.

Kuna sadfa ambayo Crichton asingeweza kuijua. Siku chache kabla ya riwaya kuingia madukani, tarehe 3 Desemba 2004, mwanahistoria wa sayansi Naomi Oreskes alichapisha katika Science uchunguzi wa muhtasari 928 za makala za kitaaluma kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Hakupata hata moja iliyokanusha kwamba binadamu wanachangia kuipasha dunia joto. Kwa hiyo mwezi huohuo dunia ilipewa vitu viwili, karatasi fupi iliyosomwa na wachache na riwaya nene iliyosomwa na mamilioni.

Lakini sitaki kuwa Kenner wa upande mwingine. Kuna sehemu za kitabu hiki ambazo zina akili, na bora zaidi ni pale anapotokea mzee mmoja msumbufu, Profesa Hoffman. Anasema jamii za kisasa hutawaliwa kwa hofu. Kwamba wanasiasa, wanasheria na vyombo vya habari wamefungamana, kila mmoja akimlisha mwenzake hofu mpya. Na kwamba tangu Ukuta wa Berlin uanguke mwaka 1989 na hofu ya vita vya nyuklia kupungua, maneno kama janga na maangamizi yameongezeka kwenye habari kwa sababu nafasi ilikuwa wazi. Ni hoja ya kubuniwa kwenye riwaya, lakini nani asiyetambua kitu ndani yake? Televisheni zinaishi kwa taharuki. Mvua ikinyesha ni janga, isiponyesha ni janga, na katikati hapo hakuna habari kabisa.

Waliochunguza walikuta nini? Katika mwaka huohuo wa 2004, ndugu wawili, Maxwell na Jules Boykoff, walitoa utafiti kuhusu magazeti manne makubwa ya Marekani, likiwemo New York Times na Wall Street Journal, kuanzia 1988 hadi 2002. Walikuta kwamba zaidi kidogo ya nusu ya habari za ongezeko la joto zilitoa uzito sawasawa kwa pande mbili: wanaosema binadamu wamechangia na wanaosema ni mambo ya asili tu. Mwanahabari alikuwa anafuata kanuni aliyofundishwa, sikiliza upande wa pili. Matokeo yake, watu wachache wenye shaka walipata kiti kile kile walichopata maelfu ya watafiti. Kwa hiyo Hoffman ana nusu ya ukweli: vyombo vya habari vilipotosha, ndiyo, ila kwa muda mrefu vilipotosha kwa kuipa shaka nafasi kubwa kuliko ilivyostahili. Riwaya haina habari na nusu hiyo.

Na hofu za magazeti zimewahi kwenda upande wa baridi pia. Aprili 1975 jarida la Newsweek liliandika kwamba dunia inapoa, na wenye shaka hawajaacha kulitaja hadi leo: mliambiwa barafu inakuja, leo mnaambiwa joto. Hoja inanoga. Lakini watu walipozihesabu makala za kisayansi za 1965 hadi 1979, walipata 7 zilizotabiri baridi na 44 zilizotabiri joto. Mhariri alichagua zile saba kwa sababu ya tarumbeta. Wapo pia wanasayansi waliopiga tarumbeta wasiyoipima: ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2007 ilidai barafu za Himalaya zingeweza kutoweka kufikia 2035, na Januari 2010 jopo likakiri kwamba dai hilo halikuwa na msingi. Mwenye shaka wa kweli ana kazi nyingi ya kufanya pande zote. Kwa Kiswahili tuna bahati ya kuwa na maneno tofauti, mtu anaweza kutia shaka na mtu anaweza kukanusha. Anayetia shaka anauliza na kusubiri jibu. Kenner hasubiri.

(Kwenye maneno hapo, pembeni kidogo. Mtaalamu wa kampeni wa chama cha Republican, Frank Luntz, aliwashauri wanasiasa wake mwanzoni mwa miaka ya 2000 waseme mabadiliko ya tabianchi badala ya ongezeko la joto duniani, kwa kuwa la kwanza halitishi. Sisi tumelipokea hilo lisilotisha na kulifanya rasmi. Na kwa Kiswahili limezidi kulainika: tabianchi, tabia ya nchi, kana kwamba nchi yenyewe ndiyo iliyoharibikiwa tabia ikihitaji kuitwa na wazee. Ongezeko la joto angalau linakufanya uulize nani anaongeza kuni.)

Tuje nyumbani basi, maana Crichton alikuja. Kuna mazungumzo ambamo Kilimanjaro inatajwa kama ushahidi wa ongezeko la joto, na Kenner anajibu kwa haraka: barafu ya mlima huo imekuwa ikipungua tangu karne ya 19, kabla ya magari na viwanda kuwa vingi, na sababu ni kukatwa kwa misitu miteremkoni. Panda miti, barafu itarudi. Ukurasa unafunuliwa, ndege inaendelea.

Mambo ya Kibo si mepesi hivyo, na wala si mepesi kama alivyoyaonyesha Al Gore miaka miwili baadaye kwenye filamu yake ya 2006, picha ya zamani yenye theluji na picha mpya isiyo nayo, watazamaji wakashusha pumzi. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2000 asilimia 80 ilikuwa imeondoka, na timu ya Lonnie Thompson iliandika mwaka 2002 kwamba iliyobaki ingeweza kuisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, barafu imesinyaa sana, lakini ipo. Wataalamu wengine, kina Georg Kaser, walionyesha kwamba kileleni hewa karibu muda wote iko chini ya sifuri, kwa hiyo barafu haiyeyuki tu kama ya kwenye friji iliyokatiwa umeme. Sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, kwa jua na kwa ukavu. Ukavu huo ulianza mnamo miaka ya 1880, mvua na theluji zilipopungua Afrika Mashariki, na unahusiana na hali ya Bahari ya Hindi. Hapo Kenner anaweza kusimama na kuinama apigiwe makofi: Oktoba 2007 hata jaji wa Uingereza, Burton, aliyekuwa akisikiliza kesi ya kuonyeshwa kwa filamu ya Gore mashuleni, aliiweka Kilimanjaro kwenye orodha yake ya mambo tisa ambayo filamu iliyavusha mpaka.

Ila makofi yasiwe marefu. Wale wataalamu waliosema Kilimanjaro si mfano mzuri walisema pia kwamba barafu nyingi za milima mingine duniani zinapungua kwa sababu ya joto. Na ile dawa ya Kenner, misitu? Mwaka 2012 Thomas Mölg na wenzake waliipima, wakakuta kwamba ukataji wa misitu mlimani unachangia kidogo tu upotevu wa barafu. Jibu fupi la Gore lilikosewa, na jibu fupi la Kenner lilikosewa. Mwenye shamba Marangu au Machame, anayetazama mfereji wake wa maji, aliyahitaji majibu marefu, na hakuna kati ya wale wawili aliyekuwa akizungumza naye.

Mlima huo una historia ndefu ya kubishiwa na watu walio mbali, na nashangaa Crichton, mpenda marejeo, hakuiona. Mmisionari Johannes Rebmann aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akiongozwa na Bwana Kheri, na Mei 1848 akauona Kilimanjaro na weupe juu yake. Kiongozi wake hakuwa na jina la theluji, alisema ni baridi tu. Rebmann akaandika Ulaya: kuna theluji karibu na ikweta. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kufika huku, akamkejeli kwa miaka. Cooley hakuwa mjinga. Alikuwa na nyaraka za Wareno, alikuwa amehoji watu wa pwani waliofika London, alikuwa na ramani yake na mantiki yake. Alikuwa, ukipenda, na tanbihi. Ilibidi Baron von der Decken apande mlimani mwaka 1861 na tena 1862 ndipo ubishi uanze kunyamaza. Ubishi wa mwanzo ulikuwa kwamba theluji haiwezi kuwepo, na sasa tunabishana kwa nini inaondoka. Mara zote mbili anayebisha kwa sauti kubwa yuko kwenye kiti kizuri, maili elfu kadhaa kutoka Moshi.

Na hili linanipeleka kwenye sehemu iliyoniudhi kuliko zote, ambayo wahakiki wengi waliohangaika na takwimu waliipita harakaharaka. Ni watu wa visiwani. Kitabu kizima kinahusu kesi ya Vanutu, lakini watu wa Vanutu ni kama hawamo. Hakuna mvuvi, hakuna mama anayeuza samaki, hakuna mtoto. Wapo kama sababu ya mawakili wa Kalifonia kukutana. Halafu mwisho, hadithi ikifika Visiwa vya Solomon, watu wa Pasifiki wanatokea hatimaye, na unajua wanatokea kama nani? Wala watu. Ted Bradley, mwigizaji wa Hollywood mwenye mdomo mrefu aliyekuwa akihubiri kwamba wenyeji wa kale waliishi kwa amani na mazingira, anakatwa vipande na kuliwa akiwa hai. Crichton alikusudia kichekesho dhidi ya mastaa wanaosifia wasichokijua. Sawa, mastaa hao wapo na wanachekesha. Lakini tazama gharama yake: ili kumcheka mzungu mmoja wa televisheni, inabidi kisiwa kizima kirudishwe kwenye sufuria ile ya kwenye katuni za wakoloni. Mtu aliyezaliwa upande huu wa dunia ameshaiona sufuria hiyo mara nyingi, hahitaji tanbihi kuitambua.

Wiki tatu hivi baada ya kitabu kutoka, tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ya kweli ilivuka Bahari ya Hindi kutoka Sumatra. Ilikuwa tetemeko, si tabianchi, na Crichton hana lawama. Iliua watu wengi mno Asia, iliua mamia Somalia, na hata Kenya na Tanzania watu walipoteza maisha. Ukiisoma sura ya tsunami ya riwaya baada ya hapo, na vifaa vyake vya magaidi na saa zinazohesabu kurudi nyuma, unaona jinsi bahari yake isivyo na mtu ndani.

Historia imemfanyia utani mwingine. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, pale Port Vila, walianza kampeni ya kuipeleka habari ya tabianchi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Nchi iliyolibeba wazo lao ni Vanuatu. Soma tena jina hilo polepole: Vanuatu, herufi moja tu mbele ya Vanutu ya Crichton. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali ombi lao, na Julai 2025 mahakama ilitoa maoni yake ya ushauri kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuulinda mfumo wa tabianchi. Katika riwaya kesi ya visiwa ni mbinu ya kuchangisha fedha, na wanaoiandaa hawana mpango wa kuifikisha mwisho. Wanafunzi wale waliifikisha.

Kwa nini basi msomaji wa Kiafrika anaweza kukipenda kitabu hiki? Kwa sababu ya hoja moja ambayo Crichton anaijua nguvu yake: kwamba wanamazingira matajiri huwaumiza maskini. Anatoa mfano wa DDT, kwamba kuipiga marufuku kuliua mamilioni kwa malaria. Hapo kuna uchungu wa kweli umechanganywa na chumvi nyingi. Marufuku ya Marekani ya mwaka 1972 ilihusu Marekani, na mkataba wa Stockholm wa 2001 uliacha mlango wazi kwa nchi zinazopambana na malaria. Uganda iliipulizia kaskazini mwaka 2008, na waliokwenda mahakamani kupinga walikuwemo wakulima wa pamba wa hukohuko. Lakini uchungu upo. Wabunge wa Ulaya walipopitisha azimio Septemba 2022 kulilaumu bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, wengi huku waliuliza, kwa haki kabisa, nani alichoma makaa kwa miaka 200. Swali hilo ni zuri. Kosa ni kulihamisha kutoka hapo hadi kusema joto lenyewe ni hadithi ya kutunga. Kenner anatufanyia uhamisho huo taratibu, na anaufanya kana kwamba anatutetea.

Tena shaka yetu wenyewe tunaihitaji kwa kazi nyingine. Mafuriko yakija siku hizi, kiongozi yeyote anaweza kusimama mbele ya kamera na kusema mabadiliko ya tabianchi, akaondoka. Nani alitoa kibali cha nyumba bondeni? Mitaro ilisafishwa lini? Aprili 2024 Rufiji ilipofurika, watu waliuliza kuhusu maji ya bwawa la Julius Nyerere, serikali ikasema bwawa si chanzo. Unaweza kukubali kwamba dunia inapata joto na bado ukadai majibu ya mtaro. Riwaya ya namna hiyo ningeinunua kesho, na angeiandika mtu anayemjua afisa mtendaji wa kata. Amitav Ghosh alilalamika mwaka 2016, katika The Great Derangement, kwamba waandishi makini wa hadithi wamelikwepa jambo hili. Crichton hakulikwepa, na hilo nampa.

Kitabu kilikwenda mbali kuliko hadithi inavyotakiwa kwenda. Septemba 2005 mwandishi wake aliitwa kutoa maelezo mbele ya kamati ya mazingira ya Seneti ya Marekani, iliyoongozwa na James Inhofe, seneta yuleyule ambaye Februari 2015 aliingia na bonge la theluji bungeni kuthibitisha kwamba joto halipo. Mwaka 2006 chama cha wanajiolojia wa mafuta cha Marekani kilimpa Crichton tuzo yake ya uandishi wa habari. Kwa riwaya! Crichton alifariki Novemba 2008.

Katika ujumbe wake wa mwisho wa kitabu aliacha utabiri mmoja, kwa dhihaka: kwamba katika karne ijayo joto litapanda kwa nyuzi 0.812436 za Selsiasi. Desimali zote hizo zilikuwa za kuwacheka watabiri. Kati ya 2004 na 2024, mwaka ambao El Niño nayo ilitia mkono, wastani wa dunia ulikuwa umeshapanda kwa zaidi ya nusu nyuzi.

Ukikikuta mtumbani, kinunue bila kulipa sana. Sura za Antaktika zimeandikwa vizuri, ule ufa wa barafu utakufanya ujifunike shuka. Mazungumzo ya ndani ya ndege yaruke. Tanbihi, chagua mbili tatu, kisha nenda katafute makala yenyewe uisome hadi mwisho.